Mbwa Wabwekao Usiku na Amani ya Majirani

Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Kigoma na Ujiji



UTANGULIZI

Yawezekana baadhi yenu mlipoisoma mada ya leo mlijiuliza kama Tume ya Haki na Amani imeishiwa na mambo ya kusema. Tumezoea kukutana kuzungumzia migogoro ya ardhi, uchaguzi, wakimbizi, haki za wajane na yatima. Leo tunazungumzia mbwa. Lakini kila mwenyekiti wa Jumuiya aliyeketi hapa anajua kwamba ni watu wachache sana wanaogombana juu ya katiba ya nchi, na ni wengi wanaogombana juu ya kuku, mbuzi, maji machafu, redio na mbwa. Ugomvi wa namna hii huanza kwa neno moja la hasira juu ya ukuta, nao huweza kumalizikia kwa watu wawili kutopeana salamu ya amani kanisani kwa miaka kumi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi yetu leo ni kutazama ufa huu ungali mdogo.

Tutaeleza kwanza hali ya makazi yetu, kisha sababu za mbwa kubweka, haki za kila upande, hatari zinazojificha nyuma ya malalamiko haya, na mwisho njia ya kuyapatanisha.

1. HALI YA MAKAZI YETU

Mji wetu umejengwa kati ya vilima na ziwa. Katika Ujiji ya zamani nyumba zimesogeleana tangu enzi za misafara, hata uani kwa huyu ni dirishani kwa yule. Gungu, Mwanga na Katubuka nazo zimejaa watu, na kiwanja ambacho zamani kilikuwa na nyumba moja na michikichi kadhaa, leo kina kaya tatu au nne. Tena usiku sauti husafiri mbali kuliko mchana. Ardhi ikipoa, hewa iliyo karibu nayo hupoa, na ile ya juu yake hubaki na joto. Basi sauti, badala ya kupotelea angani, hupindishwa kurudi chini kwa watu. Ndiyo maana mbwa mmoja kwenye mteremko huweza kuwaamsha saa nane za usiku watu wa ng'ambo ya bonde, ambao mchana hawamsikii kabisa. Mwenye mbwa asiharakishe kusema kwamba jirani wa mbali anatia chumvi.

Jambo la pili ni saa zetu za usingizi. Wavuvi wetu wa dagaa na migebuka huondoka jioni na taa zao, hurudi alfajiri kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga, na usingizi wao ni wa mchana. Siku za mbalamwezi, taa zisipowavuta dagaa vizuri, hubaki nyumbani na kulala usiku kama watu wengine. Ongezeni hapo walinzi, wauguzi wa zamu, wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, mama anayenyonyesha, na mgonjwa aliyepata usingizi baada ya maumivu ya kutwa nzima. Katika mtaa mmoja wa pwani ya ziwa letu hakuna saa ambayo twaweza kusema kwamba sasa hakuna mtu aliyelala.

Jambo la tatu ni wizi. Watu wetu hawafugi mbwa kwa anasa. Hufuga kwa sababu ya mbuzi, kuku, baiskeli, nyavu, injini ya mtumbwi, madumu ya mawese na magunia ya dagaa wakavu. Kwa kaya maskini mbwa ndiye mlinzi pekee asiyedai mshahara. Anayedai mbwa wote waondolewe mtaani hana budi kujibu swali hili: nani atalinda mali ya mnyonge usiku?

Jambo la nne ni dini zetu. Ujiji imekuwa mji wa Waislamu tangu karne ya 19. Wamisionari wa kwanza wa Afrika, Mapadre Weupe, walipofika mwaka 1879 walikuta mji wenye ibada yake na desturi zake. Tangu hapo tumeishi pamoja, tumeoana, tumezikana. Ndugu zetu Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika nchi yetu, wanafundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo hakina budi kuoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Fikirini basi mzee aliyekwisha kutawadha, amevaa kanzu safi, anatembea gizani kwenda kuswali alfajiri, na mbwa wa Mkristo anamrukia njiani. Kwake lile si jambo la kelele peke yake. Ibada yake imeingiliwa. Hata hivyo tusije tukasema kwamba Uislamu unamchukia mnyama huyu. Dini hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga. Sura ya Pango katika Kurani inamtaja mbwa aliyekaa mlangoni pa vijana waliolala, na mapokeo yao yanasimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa sababu alimpa maji mbwa mwenye kiu. Jirani Mwislamu anapolalamika, tumsikilize alalamikacho, tusimtafutie nia nyingine.

2. KWA NINI MBWA HUBWEKA

Kubweka ni lugha ya mbwa, na haifai kumwadhibu mtu wala mnyama kwa kusema, kabla hatujajua anasema nini. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi.

Kwanza, amefungwa mnyororo mfupi tangu asubuhi hadi usiku. Hatembei, hachezi, haoni mtu isipokuwa anayemtupia chakula. Mnyama wa namna hiyo hubweka kwa upweke na kwa hasira, na hawezi kutofautisha mwizi na mtoto aliyetumwa chumvi.

Pili, ana njaa, kiu, au amefungwa juani. Mbwa asiyekula jioni hatulii usiku.

Tatu, anaona njia. Mbwa aliyefungwa mahali anapoona kila mpita njia atambwekea kila mpita njia. Akihamishiwa upande mwingine wa nyumba, au ua ukizibwa kwa matete, mabati au mbao, kelele hupungua bila gharama kubwa.

Nne, hawajui majirani. Mbwa humbwekea mgeni. Jirani aliyeletwa kwake mchana, akamnusa, akapokea kutoka mkononi mwake kichwa cha mgebuka, ataacha kuwa mgeni baada ya siku chache.

Tano, amefundishwa ukali. Wako wanaoamini kwamba mbwa akilishwa pilipili au bangi, au akipigwa mara kwa mara, atakuwa mlinzi hodari. Huo ni ukatili, na wala hauleti ulinzi. Mbwa anayepigwa ni mwoga, na mwoga hubweka ovyo na kuuma ovyo. Mlinzi hodari ni yule anayenyamaza kwa wenyeji na kubweka kwa sababu.

Sita, ni mgonjwa. Juu ya hili tutasema zaidi, maana maisha ya watu yamo humo.

Kutokana na hayo mnaona kwamba sababu nyingi zimo mikononi mwa mwenye mbwa. Kelele ya mbwa mara nyingi hutangaza jinsi anavyotunzwa.

3. HAKI ZA KILA UPANDE

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Ugumu hutokea pale ambapo watu wawili wote wana kilicho chao, na hivyo viwili vinagongana. Tuchukue mfano. Hatumtaji mtu, kwa maana mfano huu unaweza kutokea katika mtaa wowote kati ya Kibirizi na Ujiji.

Mama mjane anaishi na wajukuu wawili. Mlango wake ni wa mbao dhaifu. Mara mbili wezi wamemvunjia. Kijana wake aliye mbali alimletea mbwa, na tangu siku hiyo hajaibiwa tena. Jirani yake ni mvuvi, baba wa watoto watano. Hurudi alfajiri amechoka, na asubuhi nzima mbwa yule humbwekea kila apitaye. Mvuvi halali. Jioni huingia mtumbwini na macho mekundu, na ziwa letu halimsamehei mtu anayesinzia. Upepo ukibadilika usiku kati ya maji, usingizi wa mchana ndio unaoamua kama nahodha atakuwa macho.

Nani ana haki? Wote wawili. Mama ana haki ya usalama. Mvuvi ana haki ya usingizi, na usingizi wake ni uhai wake na wa wenzake chomboni. Atakayekuja kusuluhisha akiwa ameamua kwamba mmoja ni mkorofi, amekwisha kuharibu kazi.

Mapokeo ya sheria yanatupa kanuni ya Kilatini, *sic utere tuo ut alienum non laedas*, yaani kitumie kilicho chako kwa namna isiyomdhuru mwenzako. Maandiko nayo yalikwisha kuligusa jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, tunasoma juu ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Mwenye ng'ombe ambaye hakujua hahukumiwi sawa na yule aliyekwisha kuonywa na hakumfunga mnyama wake. Tazameni hekima iliyomo: onyo hubadilisha uzito wa kosa. Kabla ya kuambiwa, mwenye mbwa anaweza kweli kuwa hajui. Pengine yeye amezoea kelele ile, au mchana hayupo nyumbani. Baada ya kuambiwa kwa heshima, wajibu umemwangukia. Na kutokana na hilo, anayesumbuliwa naye ana wajibu wa kusema. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinamkataza mtu kumchukia ndugu yake moyoni na kinamtaka amwonye waziwazi. Anayenyamaza mwaka mzima huku akikusanya chuki hajatenda uvumilivu.

Iko pia haki ya mnyama mwenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake *Laudato si'* wa mwaka 2015, aliturudisha kwenye fundisho hilo hilo. Kitabu cha Tobiti hakikuona aibu kutaja kwamba kijana Tobia aliposafiri na malaika, mbwa aliwafuata njiani.

Tuseme pia neno moja kwa wenye nafasi. Mbwa wa nyumba kubwa hujifunza haraka kumbwekea mwenye nguo zilizochakaa na kumnyamazia ashukaye garini. Lango lenye maandishi MBWA MKALI linamzuia mwizi, lakini linamzuia pia mgonjwa anayeomba msaada usiku, na mama anayetafuta kibarua cha kufua. Katika Injili ya Luka, mbwa walimjia Lazaro mlangoni pa tajiri na kumlamba vidonda, lakini tajiri mwenyewe hakutoka. Nyumba za mapadre na za watawa nazo zisijione kuwa nje ya mada hii. Anayefika kwetu akiwa na shida apate njia ya kubisha hodi bila kuraruliwa.

4. HATARI ZINAZOJIFICHA

Hatari ya kwanza ni sumu. Mtu aliyechoka kulalamika hutia dawa ya wadudu ndani ya kipande cha nyama na kukitupa uani usiku. Sumu haichagui. Kuku wataokota, kuku ataliwa, mtoto atambaaye atakishika kile kipande na kutia mkono mdomoni. Aliyekusudia kuua mbwa anaweza asubuhi akawa ameua mtu. Twasema wazi: kutega sumu mtaani ni dhambi nzito na ni kosa la jinai, hata kama mbwa alikuwa msumbufu kiasi gani.

Hatari ya pili ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini ni ugonjwa unaozuilika. Louis Pasteur alimchanja mtu wa kwanza mwaka 1885, na leo tunajua kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mataifa yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kichaa kitokanacho na mbwa.

Tunayasema haya kwa sababu sauti ya mbwa mwenye kichaa huweza kubadilika: hukwaruza, hubweka bila sababu, mate humtiririka, mpole huwa mkali na mkali huwa mpole kupita kawaida. Mara nyingine jirani anayelalamika ndiye wa kwanza kugundua mabadiliko hayo. Msimfukuze. Mwenye mbwa amzuie mnyama mbali na watu na amwite ofisa mifugo. Mtu akiumwa, akikwaruzwa au akirambwa kwenye kidonda, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa, na asipake majivu wala mafuta ya mawese.

Hatari ya tatu ni imani za uchawi. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mbwa anayelia usiku amemwona mchawi, au anatangaza msiba. Mbwa hulia kwa sababu amesikia mbwa mwenzake, amesikia fisi, au ametafuta jike. Lakini msiba ukitokea kweli wiki ile, watu hukumbuka mbwa alikuwa anatazama nyumba ya nani. Mkoa wetu unajua vema yanayofuata. Wapiga ramli waitwao kamchape huletwa, hutaja majina, na anayetajwa mara nyingi ni mzee, mjane au mtu asiye na mtetezi. Nyumba hubomolewa, watu hufukuzwa, damu humwagika. Kiongozi wa Jumuiya akisikia maneno kama hayo yanaanza kutajwa pamoja na habari za mbwa, asisubiri kikao cha wiki ijayo. Aende siku ile ile.

Hatari ya nne ni kuufanya ugomvi wa nyumba mbili kuwa ugomvi wa dini mbili, au wa kabila na kabila, au wa chama na chama. Mbwa hana dini wala kadi ya chama. Anayelitia jambo hilo humo anatafuta wafuasi, kwa sababu hoja yake mwenyewe haimtoshi.

5. NJIA YA KUPATANA

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Bwana wetu anatupa ngazi tatu: kwanza nenda kwa ndugu yako peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe, asiposikia tena, lipeleke jambo kwa jamaa ya waamini. Watu wetu wengi huanzia ngazi ya tatu. Humsema jirani kisimani, sokoni na kilabuni, na yeye mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

*Ngazi ya kwanza.* Nenda peke yako, asubuhi au jioni mapema, baada ya hasira kupoa. Usiende saa nane za usiku na rungu mkononi. Kabla ya kwenda, angalia kwa siku tatu au nne ni saa ngapi mbwa hubweka na ni nini kilichokuwa kikipita. Ukisema kila siku, kila saa, utaonekana mwongo. Ukitaja saa, utaeleweka. Twaweza kusema hivi:

"Shikamoo, mama. Samahani kukusumbua asubuhi hii. Nimekuja kwa jambo dogo la ujirani. Juzi na jana mbwa alibweka tangu saa saba hadi saa kumi za usiku, na mtoto wangu ana homa, hakupata usingizi. Nanyi mlimsikia? Kuna kilichomsumbua?"

Na mwenye mbwa, hata kama maneno yamemchoma, ajibu: "Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kuja kwangu kabla ya kwenda kwa watu. Keti tuzungumze." Jibu hilo moja limekwisha kumaliza nusu ya kesi. Anayejibu, "Kama hupendi, hama," ameifungua kesi nyingine.

*Ngazi ya pili.* Ikiwa baada ya wiki mbili hakuna badiliko, chagueni mtu au wawili wanaoheshimiwa na pande zote. Ikiwa mmoja ni Mwislamu na mwingine Mkristo, wasuluhishi nao wawe hivyo. Wenzetu wa Burundi wana wazee waitwao abashingantahe, ambao kwa desturi walipatanisha nyumba na nyumba kabla jambo halijafika mbali. Nasi hatukosi wazee wa namna hiyo. Wasuluhishi wasikae na upande mmoja wakala chakula chake kabla ya kusikiliza upande mwingine. Waende wasimame wenyewe usiku karibu na nyumba ya mlalamikaji, wasikilize kwa masikio yao. Wamtazame mbwa: mnyororo, kivuli, maji, chakula, cheti cha chanjo.

Turudi kwa mama mjane na mvuvi. Wasuluhishi wenye busara hawatasema mbwa auawe, wala hawatamwambia mvuvi avumilie. Watauliza mbwa anahitajika saa ngapi. Jibu ni usiku. Na kelele inaumiza saa ngapi? Asubuhi. Basi asubuhi mbwa afungwe nyuma ya nyumba, kivulini, mbali na njia na mbali na dirisha la mvuvi. Usiku afunguliwe ndani ya ua. Watoto wa mvuvi wamzoee na wamletee masalia ya samaki. Mvuvi, anapokuwa nyumbani siku za mbalamwezi, amsaidie mama kurekebisha ule mlango dhaifu, kwa maana mlango imara hupunguza hitaji la mbwa mkali. Mapatano hayo yaandikwe kwenye karatasi, yasomwe mbele ya wote wawili, na yatazamwe tena baada ya mwezi mmoja. Mapatano ambayo hakuna anayerudi kuyatazama husahauliwa mvua ya kwanza.

*Ngazi ya tatu.* Yakishindikana hayo, jambo lifikishwe kwa Jumuiya, kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, na kwa Baraza la Kata. Mabaraza haya yaliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1985, na kazi yake ya kwanza ni kuleta amani kwa usuluhishi. Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyaondolea uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi na kuyaachia kazi ya kupatanisha. Kwa ugomvi wa majirani hiyo ndiyo kazi tunayoihitaji.

6. SHERIA ZA NCHI

Viongozi wetu wazijue sheria, ingawa hatuzitumii kama fimbo ya kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015, inamlinda mwananchi dhidi ya kelele za kuudhi. Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kusababisha kero kwa umma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inakataza ukatili kwa wanyama. Basi anayemfunga mbwa bila maji, na anayempiga mawe, wote wawili wanaguswa. Halmashauri nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wajumbe waulize ofisi ya mifugo ya Manispaa juu ya taratibu zilizopo na tarehe za chanjo, na wazitangaze Jumuiya kwa Jumuiya, na kwa majirani wote bila kujali dini.

Polisi waitwe pale ambapo kuna mtu ameumwa, ametishiwa, au sumu imetegwa. Kesi ya mahakamani humpa mmoja ushindi, lakini kesho yake wote wawili wataamka wakiwa bado ni majirani. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

HITIMISHO

Mtakatifu Augustino aliieleza amani kama utulivu unaotokana na kila kitu kukaa mahali pake. Mbwa ana mahali pake, mlinzi ana saa yake, mvuvi ana usingizi wake, mzee anayekwenda kuswali ana njia yake. Tunaombwa kuvipanga ili visigongane, na kazi hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji mtu mmoja aende akabishe hodi.

Tunapendekeza kwamba kila kamati, kabla ya mkutano ujao, ifanye mambo matatu: iorodheshe kaya zenye mbwa katika eneo lake na kujua kama wamechanjwa, itafute wazee wawili, Mkristo na Mwislamu, walio tayari kusuluhisha, na iulize kwa upole kama kuna majirani wasiosalimiana kwa sababu ya mnyama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni nani wanaolala mchana? Je, tunawajua kwa majina?

2. Tukiwa na malalamiko juu ya jirani, huwa tunaanzia ngazi ya ngapi?

3. Maskini akibisha hodi nyumbani kwetu usiku, nani humjibu kwanza, sisi au mbwa wetu?

4. Mtoto akiumwa na mbwa leo jioni, kila mmoja wetu anajua la kufanya katika dakika 15 za kwanza?

5. Je, kuna mtu ambaye jina lake limeanza kutajwa vibaya kwa sababu ya mbwa aliyelia usiku? Nani kati yetu atakwenda kukaa naye wiki hii?